Soma moshi wa jirani kabla hujatoka kukimbia: hewa ya Nairobi saa kwa saa

Watu huuliza kama hewa ya Nairobi ni chafu, mi naona waulize ni chafu saa ngapi, juu magari ni yale yale, majiko ni yale yale, jaa la Dandora liko palepale tangu miaka ya 70, lakini kuna asubuhi unapumua vizuri na kuna asubuhi koo linawasha hata hujafika steji. Kinachobadilika ni hali ya hewa, na ukijua kuisoma unaweza kupanga saa ya kukimbia, saa ya kufungua madirisha na saa ya watoto kucheza nje, bila kununua kitu chochote.

Anza na moshi. Ukiamka toka nje utafute moshi wowote, wa kibanda cha chapati ama wa mtu anachoma takataka (hawakosi). Moshi ukipanda ukapotelea huko juu, sawa, hewa inazunguka. Ukipanda kidogo tu halafu ulale juu ya mabati na usiendelee, hapo hewa imefungwa. Usiku ardhi inapoteza joto, hewa iliyo karibu nayo inapoa na kuwa nzito, sasa ile yenye joto iliyo juu yake inaikalia kama kifuniko cha sufuria, na moshi wote wa chai ya asubuhi pamoja na wa matatu za saa 12 unabaki chini huku tunakopumulia. Kifuniko chenyewe kinakuwa kigumu zaidi usiku ukiwa na nyota na upepo umetulia, yaani Januari na Februari hivi. Ndio maana kukimbia kando ya Jogoo Road saa 12 asubuhi mwezi wa Januari si wazo zuri hata kama unasikia kibaridi kitamu, hewa baridi si lazima iwe safi. Subiri jua lipashe ardhi, kufika saa 3 au 4 hivi kifuniko kimevunjika na moshi umepata pa kwenda. Kama kazi hairuhusu basi kimbilia mbali na barabara kubwa, hata mitaa 2 ndani inasaidia.

Juni hadi Agosti ni hadithi nyingine. Mawingu yanashuka, jua halionekani mpaka mchana na siku zingine halionekani kabisa, so ardhi haipati joto la kusukuma hewa juu na moshi wa asubuhi unaweza kukaa hadi saa za lunch. Halafu hii ndiyo miezi tunafunga madirisha na kuingiza jiko la makaa ndani ya nyumba. Hapa naomba usikie vizuri: kabla ya kuogopa hewa ya nje ogopa hiyo ya ndani. Makaa yakishika moto mwekundu hayatoi moshi wa kuonekana lakini yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu usingizini kila msimu wa baridi. Washia jiko nje, pikia penye dirisha wazi, na wakati wa kulala litoke kabisa, usiseme limebaki majivu tu.

Mvua inaosha hewa, ila si kila mvua. Manyunyu ya Julai hayafanyi kazi kubwa, inayosafisha ni ile ya Aprili inayopiga kwa nguvu, na hata hiyo inashusha vumbi kubwa vizuri kuliko chembe ndogo za moshi. Saa chache baada ya mvua kubwa ndio wakati wa kufungua nyumba yote. Usingoje siku 3 matope yakishakauka barabarani na malori yakaanza kuyasaga, hapo umerudi kwa vumbi.

Upepo nao uangalie unatoka wapi. Nairobi mara nyingi unavuma kutoka upande wa mashariki, kwa hivyo moshi wa Dandora unaelekea Korogocho na Kariobangi, wakaaji wa huko hawahitaji mtu kuwaambia. Ukitafuta nyumba ya kupanga, uliza kuna nini upande wake wa mashariki kabla hujauliza kama maji yapo.

Kama unataka namba, kuna programu za simu, mfano AirQo ya watu wa Chuo Kikuu cha Makerere na IQAir. Mambo mawili tu uyajue. Namba kubwa yenye rangi mara nyingi ni faharasa, yaani alama ya kuonyesha hewa ni chafu kiasi gani, si mikrogramu, usiilinganishe na kiwango cha WHO cha 2021 ambacho ni mikrogramu 15 za PM2.5 (zile chembe ndogo sana) kwa mita moja ya ujazo kwa masaa 24. Pili, vile vipima vya bei nafuu vinadanganywa na ukungu, juu chembe zinanyonya maji zinavimba na kipima kinahesabu zaidi, so asubuhi ya ukungu ukiona imepanda ghafla linganisha na pua yako na moshi wa jirani kwanza.

Mwenye pumu aongeze jambo moja, siku za jua kali alasiri mwangaza unapika moshi wa magari unatengeneza gesi ya ozoni, inabana kifua hata kama anga ni ya bluu, kwa hivyo mazoezi mazito ayafanye asubuhi kifuniko kikishavunjika lakini kabla jua halijawa kali, na inhela iwe mfukoni. Maski ya kitambaa inapunguza vumbi kubwa tu. N95 iliyokaa vizuri usoni inazuia hizo chembe ndogo, lakini ozoni inapita na kaboni monoksaidi inapita, kwa hivyo usije ukalala na jiko chumbani eti umevaa maski.