Namna ya Kusoma Mwaliko wa Chakula wa Enzi ya Mapinduzi ya Ufaransa

Mwezi uliopita nilikaa na binti mmoja anayesomea historia, mbele yetu picha ya kikaratasi cha Paris chenye mistari sita: mtu anamwalika mwenzake chakula. Alikuwa amekihangaikia wiki nzima. Kifaransa anakijua vizuri. Kilichomshinda ni tarehe. Tarehe hizo ziliwahi kunipotezea siku mbili na mimi, ndiyo maana naandika utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Picha

Pakua picha kubwa kuliko zote zinazotolewa na maktaba husika. Iliyopita WhatsApp imeshabanwa, achana nayo.

Hatua ya 2: Nakili herufi kwa herufi

Tumia penseli na karatasi. Kwa mistari sita sitaki programu ya kusoma mwandiko: inakupa neno linaloelekea kuwa sahihi, na jicho lako linaacha kutafuta. Usisahihishe chochote. Utakutana na s ndefu inayofanana na f, na tahajia ya zamani kama *avoit* badala ya *avait*, au *enfans* bila t. Hayo si makosa ya mwandishi. Herufi ndogo zilizopandishwa juu ya mstari ni ufupisho. Zinakili hivyo hivyo zilivyo.

Hatua ya 3: Tarehe

Hapa usiende haraka.

Kwanza miezi ya kawaida. Waandishi wa wakati ule walifupisha *7bre, 8bre, 9bre, Xbre*. Sisi tuliozoea kusema mwezi wa saba na mwezi wa nane tunanaswa mara moja, kama nilivyonaswa mimi: nilisoma *8bre* kama Agosti, nikatafuta kwa siku mbili kwa nini mwalikaji alikuwa mji mwingine. *8bre* ni *octobre*, Oktoba. Namba inasomwa kwa Kilatini, si kwa nafasi ya mwezi katika mwaka: 8 inashika nafasi ya *octo*, yaani nane. Kwa hiyo 7 ni Septemba, 8 Oktoba, 9 Novemba, na X ni Desemba.

Pili, kalenda ya Jamhuri, waliyoibuni wanamapinduzi. Ilianza kutumika mwishoni mwa 1793, ikihesabu kuanzia 22 Septemba 1792, na Napoleon akaifuta kuanzia 1 Januari 1806. Miezi ni 12 ya siku 30, kisha siku 5 za nyongeza, au 6 katika miaka ya III, VII na XI. Kikokotoo cha mtandaoni kipo, lakini mimi huhesabu kwa mkono kwanza. Chukua namba ya mwezi, toa 1, zidisha kwa 30, ongeza siku ya mwezi, toa 1. Jumla hiyo ihesabu mbele kutoka siku ya kwanza ya mwaka. Mfano: Talleyrand, waziri wa mambo ya nje, alimfanyia Bonaparte (ndiye Napoleon) sherehe tarehe 14 *nivôse* mwaka wa VI. *Nivôse* ni mwezi wa nne: 90 na 13 ni 103. Mwaka wa VI ulianza 22 Septemba 1797. Siku 103 mbele ni 3 Januari 1798.

Lakini mwaka haukuanza siku ileile kila mara. Miaka ya I, II, III, V, VI na VII ilianza 22 Septemba; IV, VIII, IX, X, XI, XIII na XIV ilianza 23; na XII ilianza 24. Tena 1800 haukuwa mwaka mrefu: Februari yake ilikuwa na siku 28. Ukisahau hilo, mialiko yote ya majira ya kuchipua ya mwaka wa VIII itateleza siku moja.

Jina la siku litakusaidia kujisahihisha. Wiki yao ilikuwa ya siku kumi, na jina hufuata tarakimu ya mwisho: *quartidi* ni 4, 14 au 24, *quintidi* ni 5, 15 au 25, *décadi* ni 10, 20 au 30. Ukijikuta umesoma *quintidi 14*, rudi kwenye picha, kuna tarakimu umeikosea.

Mtego uliomkwamisha yule binti ulikuwa mwingine kabisa. Kikaratasi chake kilisema *l'an 4e de la Liberté*. Yeye aliufanya mwaka wa IV wa Jamhuri, yaani 1795 na 1796. Kumbe miaka ya Uhuru ilihesabiwa kutoka 1789, Mapinduzi yalipoanza, hivyo wa nne ni 1792. Kati ya miaka hiyo miwili mfalme alikatwa kichwa, kisha Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi, naye akaanguka! Soma neno linalofuata namba kabla hujahesabu lolote.

Hatua ya 4: Saa na mlo

Mfano wangu wa kufundishia ni barua ya Lafayette, jenerali na mbunge wa Kifaransa, kwa Thomas Jefferson, mwakilishi wa Marekani Paris. Aliiandika kwa Kiingereza, 25 Agosti 1789, akimsihi kwa ajili ya uhuru avunje miadi yake yote na awape chakula kesho yake, Jumatano. Wangekuwa wanane kutoka Bunge la Taifa, na alitaka kuwapatanisha nchi isije ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Linganisha siku: 14 Julai, siku gereza la Bastille lilipovamiwa, ilikuwa Jumanne, siku 43 baadaye ni 26 Agosti, Jumatano kweli.

Sasa, mlo huo tuuite nini? Wengi huandika "chakula cha jioni" na kumfanya msomaji aone taa zimewashwa. Jefferson alikumbuka kwamba mazungumzo yalianza saa kumi alasiri na kwenda hadi saa nne usiku. *Dîner* ya Paris ya wakati ule ilikuwa mlo mkuu wa alasiri. Cha usiku kiliitwa *souper*. Mimi huandika "mlo mkuu". Na ukikuta *à quatre heures*, igeuze iwe saa kumi. Ukiandika "saa nne" umewaleta wageni asubuhi.

Hatua ya 5: Salamu

*Citoyen* juu na *Salut et fraternité* (salamu na undugu) chini ni alama za miaka ya Jamhuri. Kwenye barua natafsiri *citoyen* kuwa "Ndugu", kama tulivyoitana Tanzania enzi za Ujamaa. "Raia" naliachia sheria. Cheo cha *marquis* kwenye anwani huelekeza kabla ya Juni 1790, vyeo vya kikabaila vilipofutwa.

Hatua ya 6: Mkono ni wa nani

Wakubwa walikuwa na makarani. Linganisha maneno ya mwaliko, si sahihi peke yake, na barua nyingine inayojulikana kuwa ya mkono wake. Maneno yakiwa ya mkono mmoja na sahihi ya mwingine, andika pembeni ya nakala yako "sahihi yake tu", kwa kalamu ya wino.