Umeokoka, sasa madeni ya watu je? Namna ya kuanza kuyalipa

Madarasa ya waongofu wapya yanafundisha kuomba, kusoma Neno, kutoa, kuwahi ibada, vyote vizuri, ila ile laki mbili ya watu uliyochukua kabla hujaokoka afu ukabadilisha laini ili wasikupate, hiyo hamna anayekuuliza. Na wengi tunajituliza na ule mstari wa ya kale yamepita. Sawa, yamepita kwako, kwa Mangi pale dukani hayajapita, bado yamo kwenye daftari.

Zakayo wa Yeriko, yule mtoza ushuru, hakuambiwa na mtu. Yesu ameingia nyumbani kwake, hajamhubiria habari ya hela hata kidogo, mwenyewe kasimama kasema niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne (Luka 19:8), na ndo hapo Bwana akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Hata wazee wetu wa uamsho, ule uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika Bukoba na Kenya, walilishika sana hili, mtu akiokoka anarudisha alichoiba kwa mwajiri na kwa jirani, wenyewe wakiita kutembea nuruni. Sisi siku hizi tumebaki na kuimba.

Kwa hiyo unaanzaje. Chukua karatasi, sio simu, simu utaifunga uende kuangalia status. Andika kila mtu unayekumbuka ana chako, samahani, wewe una chake, na kiasi. Usiandike tu mikopo ya benki na vikoba, hiyo utaikumbuka hata usipotaka maana wanakupigia. Andika na ile hela ya mama wa maandazi, nauli uliyoazima kwa mwenzio kazini, ada ya mtoto aliyokulipia shemeji mkasema mtaongea, mchango wa harusi ulioahidi kwenye kadi na jina lako likasomwa ukumbini. Andika na mshahara wa dada wa kazi uliyemwachisha ukamwambia miezi miwili iliyobaki nitakutumia kijijini.

Na hapo kwenye mpangilio wa nani alipwe kwanza ndo wengi wanakosea, tunamlipa anayepiga kelele. Kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kali, akija na vijana wake mlangoni analipwa hapohapo, dada wa kazi yuko kwao Singida hana hata vocha ya kukupigia, anasubiri milele. Biblia imeligeuza hilo kabisa, ujira wa kibarua usikae kwako usiku kucha hata asubuhi (Walawi 19:13), na Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema umlipe siku ileile kabla jua halijachwa kwa sababu ni maskini na moyo wake unautumainia huo ujira. Sisemi usimlipe kausha damu, mlipe tena haraka maana riba yake inakua ukiwa umelala, lakini mnyonge asiwe wa mwisho kwa sababu tu hawezi kukufanya kitu. Anayefuata hapo ni mdhamini wako. Kama kuna mtu alikusainia kwenye kikundi na sasa anakatwa hisa zake kwa ajili yako, huyo kila wiki anaenda kwenye kikao anaaibika kwa jina lako, na wewe uko kwaya unaimba sauti ya pili.

Sasa mawasiliano. Hapa watu wengi wanaganda, hela ya kuanzia wanayo ila ile simu ya kwanza haipigiki. Kama mtu yuko karibu nenda kwa miguu, nenda saa ambayo duka halina wateja, usimwaibishe na wewe usijiaibishe. Kama yuko mbali, ujumbe unatosha, na uandike kitu cha namna hii:

"Shikamoo mama Neema. Ni mimi baba Ester, tuliyekuwa majirani Mbagala. Nina elfu themanini yako ya vile vitenge, sijasahau. Nilikuwa nakukwepa na hilo ni kosa langu, naomba unisamehe. Tarehe tano nakutumia elfu ishirini na ya kutolea, na kila mwezi hivyohivyo mpaka iishe."

Angalia vilivyomo humo. Kiasi kimetajwa, hajaulizwa mama wa watu eti ilikuwa shingapi vile. Tarehe imetajwa. Ya kutolea ipo, maana ukimtumia elfu ishirini kavu yeye akienda kwa wakala anatoka na pungufu, bado anakudai. Na visivyomo pia viangalie, hamna stori ndefu ya maisha yalivyokuwa magumu, hamna mstari wa Biblia. Tafadhali sana usimtumie anayekudai mstari wa Biblia. Hajakuomba mahubiri. Akijibu matusi meza, akikaa kimya tuma tarehe tano vilevile, wala usimuulize "mbona hujibu mama, umeshanisamehe?" Kusamehe ni kwa wakati wake, kulipa ndo kwa wakati wako. Paulo alivyomwandikia Filemoni habari za mtumwa wake Onesimo alishika kalamu mwenyewe akaandika kwa mkono wake mimi nitalipa, hakuna maua pale.

Tarehe tano ikifika na huna, piga tarehe tatu. Sio tarehe sita baada ya kupigiwa wewe. Tuma hata elfu tano, useme iliyobaki lini. Mtu anayedai anaumizwa na ukimya kuliko uchache, ndo maana mwenye duka anaweza kumvumilia miezi mteja anayepita mbele yake kila siku na kusalimia, ila anayepita njia ya nyuma hata kwa elfu mbili anamchukia.

Kuna lile swali la nyongeza, nirudishe ileile au niongeze? Mkopo wa kawaida mlivyokubaliana inatosha, ila kama ulidanganya au kuiba, Walawi 6 inasema urudishe yote na sehemu ya tano juu yake, yani elfu hamsini inarudi elfu sitini. Sisi hatuko chini ya torati, najua kuna mtu atasema, na Zakayo naye hakuwa analazimishwa mara nne na mtu, ila hela ya 2015 sio hela ya leo, ukimrudishia mtu laki yake ileile baada ya miaka kumi hata mfuko wa saruji aliokuwa anunue nao umeshapanda bei. Uongeze kitu, uone moyo wako unavyolalamika, hapo ndo utajua ulikuwa umetubu kiasi gani.

Cha juu nacho ni deni. Bosi kakutuma spea ya elfu thelathini ukaandikisha risiti ya arobaini, hiyo elfu kumi ni yake hata kama mtaani tunaiita ujanja. Hapa lakini nenda taratibu. Acha kwanza, wiki hii, maana kurudisha huku unaendelea kuchukua ni vichekesho. Afu piga hesabu ya makadirio ya haki. Kama ni hela ndogo mfuate bosi mwambie. Kama ni hela kubwa, ya ofisi, inayoweza kukufikisha polisi, ongea kwanza na mchungaji mwenye akili timamu na mtu anayejua sheria, sio ili uikwepe, ni ili usiende kukurupuka ukaiacha familia njaa na hela yenyewe bado haijarudi. Na usimtaje mwenzio mliyekuwa mnagawana. Tubu ya kwako.

Hiyo inanileta kwenye ushuhuda. Kuna watu wepesi kusimama madhabahuni kusema nilikuwa mwizi Bwana akanitoa, makofi, haleluya, na aliyeibiwa amekaa benchi la tatu hajarudishiwa hata mia. Nenda kwake kwanza, ushuhuda utasubiri, na pengine hautahitajika kabisa, maana yeye mwenyewe atausema mtaani. Sadaka nayo hivyohivyo. Yesu alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale, enda upatane naye kwanza (Mathayo 5:23-24). Mimi nasoma hapo kwamba ahadi mpya ya ujenzi wa laki tano wakati mfanyakazi wako anakudai laki na nusu, hiyo ni sadaka ya mwenzio unaitoa kwa jina lako. Wachungaji wengine hawatanipenda kwa hili, basi.

Kama uliyemkosea ameshafariki, tafuta mjane au watoto, hela ni yao. Hata Hesabu 5 imelifikiria hilo, asipokuwepo jamaa wa karibu wa kupokea ndo inaenda kwa Bwana, kwa kuhani, kwa hiyo usirukie kuitia kwenye kapu la sadaka kwa sababu kuwatafuta watoto wake ni usumbufu. Uliza kwao, uliza kwenye jumuiya aliyokuwa anasali, mtu hapotei hivyo bongo hii. Na wako watakaokwambia achana nayo nimeshasamehe. Mwambie asante, muulize mara ya pili kama ana uhakika, maana wengine wanasema hivyo kwa aibu tu, hasa wazee na hasa ndugu wa mke. Akisisitiza, pokea. Usimlazimishe mtu hela ili wewe ujisikie msafi, mpelekee mchele siku moja bila kutaja deni yaishe.

Jina likishalipwa likate kwa kalamu, na kwa mwenye daftari omba alikate mbele yako na wewe uone, Mangi ana wateja wengi na mwaka kesho anaweza kukudai tena kwa nia njema kabisa.