Usiipime tafsiri kwa kuirudisha

Mimi ni karani wa kikundi chetu cha kina mama wa Paje, Zanzibar, tunaolima mwani na kuutia katika sabuni. Barua za wateja wa nje ninaandika mimi, na Kiingereza changu hakifiki mbali, kwa hiyo natumia mashine za kutafsiri za mtandaoni.

Mwaka juzi wageni walitaka kuona mashamba kabla ya kuagiza. Niliandika: "Njooni kesho saa mbili tuwaonyeshe mwani." Nikaitafsiri, kisha nikairudisha kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa, nione maana imesimama. Ikarudi vilevile, saa mbili, nikaituma. Wageni walifika saa nane mchana. Maji yameshajaa, vigingi havionekani, sisi tumesharudi majumbani.

Mashine ilikuwa imeichukua ile mbili na kuiweka katika saa ya Kizungu, na wakati wa kurudi ikarudisha mbili ileile. Kosa likienda na kurudi kwa njia moja, hulioni. Ndivyo ilivyo hata kwa mtu: ukiandika "Mwenyekiti amesema atakuja", Kiingereza kinaweza kumfanya mwanamume, na ukikirudisha unapata "atakuja" safi kabisa, kumbe Bi Mwenyekiti wetu ameshageuzwa bwana.

Sasa nafanya hivi. Fungua simu, utoe sentensi 20 ulizokwisha kuwaandikia watu kweli. Usitunge, za kutunga huwa nyepesi mno. Futa majina, namba za simu na bei, kwa sababu unachokibandika katika huduma ya bure kimeshatoka mikononi mwako. Hakikisha zimo zenye saa, zenye "yeye", na zenye maneno ya kwetu: bamvua (maji makubwa ya bahari), tungule (nyanya), na kwa wenzetu wa Pemba, makonyo ya karafuu (vijiti vyake). Mojawapo ya zangu ni "Mwani hatukuwahi kuuanika, mvua ikatukuta." Nilikusudia kwamba muda haukututosha. Huduma moja iliandika kwamba tangu kuzaliwa hatujapata kuanika mwani. Mteja akisoma hivyo, ataagiza kwetu kwa imani gani?

Zibandike zote siku moja katika kila huduma. Mimi hulinganisha Google Translate, Microsoft Translator na programu moja ya akili bandia ya mazungumzo. Andika tarehe, maana huduma hizi hubadilishwa bila mtumiaji kuambiwa. Nakili majibu kwenye karatasi, kila huduma uipe herufi badala ya jina.

Kisha tafuta msomaji. Wangu ni mtoto wa dada yangu, anasoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Simwonyeshi Kiswahili changu. Namwambia, "Mwanangu, soma hii, unisimulie ulichoelewa." Akisimulia, mimi nasikiliza kama ndicho nilichotaka kusema. Siku aliyoniambia "wanaambiwa waje saa nane", ndipo nilipolielewa kosa la wale wageni, lililonipita mwaka mzima.

Toa alama mbili, maana na ufasaha, kila moja kuanzia 0 hadi 3, na usizijumlishe. Google Translate ilipoanza mwaka 2006 iliunganisha vipande vya sentensi, na kosa likaonekana kwa macho, sentensi imevunjika. Kuanzia 2016 ilianza kuhamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu inayoichukua sentensi nzima kwa pamoja, na sasa hata sentensi yenye maana potofu inatiririka vizuri. Ukijumlisha alama, utamu utaficha uongo.

Pima kila upande peke yake. Barua za Kijerumani na Kiitaliano mara nyingi hupitia Kiingereza kabla ya kufika Kiswahili, na Kiingereza hutumia neno moja, "come", kwa mtu mmoja na kwa wengi. Ndipo "njooni" inapotoka "njoo".

Ukikuta huduma imesifiwa kwa alama za BLEU, kipimo cha tafsiri cha watafiti wa IBM, kampuni ya kompyuta, cha mwaka 2002, kumbuka kwamba kinalinganisha maneno mazima na tafsiri ya binadamu. "Hatukuuanika" kwetu ni neno moja lililobeba sentensi. Ikitoka "hatukuianika", lote linahesabiwa kosa. Kipimo cha chrF cha mwaka 2015 hulinganisha herufi, kwa hiyo kinakitendea Kiswahili haki zaidi.

Kwangu, A ilikuwa na Kiingereza kitamu kuliko zote, ikakosea maana katika sentensi nne, tatu zikiwa za saa. B ilikuwa ngumungumu, ikakosea moja. Nikachagua B kwa barua za maagizo na ahadi za kukutana, na kwenye ahadi sasa naandika saa mara mbili: "Njooni saa mbili asubuhi, yaani 08:00, maji yakiwa yanapwa."