Jinsi ya kumfundisha Mchina kutumia "convenient"

Mwongozo huu ni wa walimu wa Kiingereza wenye wanafunzi wanaozungumza Kichina. Nimeuandika baada ya kumsaidia mhandisi mmoja na barua pepe zake za kazini, ambazo kila mara zilikuwa na "Are you convenient tomorrow?"

1. Kusanya sentensi zake. Chukua ujumbe aliokwisha kuutuma, si zoezi la kitabuni. Pigia mstari kila "convenient".

2. Kagua kiima. Hapa usiharakishe. Kichina kina neno fāngbiàn (方便), na watu huulizana "Nǐ fāngbiàn ma?" (yaani, una nafasi?) mtu akiwa ndiye kiima, wala hakuna kosa. Kamusi ya lugha mbili humpa mwanafunzi "convenient" kama jibu la kwanza, naye huhamisha sentensi nzima ilivyo. Kiingereza hakimruhusu mtu kukaa mahali hapo. Panakaa saa, mahali, mpango, kifaa au "it", mtu hufuata nyuma ya "for": "Is ten o'clock convenient for you?"

Mwalimu anayefikiri kwa Kiswahili anao msaada wa bure. Tunasema "Saa nne inakufaa?" na saa ndiyo kiima, mtu yumo ndani ya kitenzi. Kama mwanafunzi wako anaishi huku na amejifunza Kiswahili kidogo, anzia hapo.

Akishaelewa swali, bado kosa hujificha kwenye vishazi: "Call me when you are convenient", "If you are convenient, please sign". Fanyeni mazoezi ya "when" na "if" peke yake, hadi "when it's convenient for you" imtoke bila kufikiri. Kisha mzuie asiitumie kila mahali, maana kwa rafiki inasikika rasmi mno. Akitaka mtu abaki kiima, mpe "free" au "available": "Are you free tomorrow?" Na kuna "I'm not convenient to talk", anapopigiwa simu akiwa kikaoni. Hiyo usiikarabati, itupe kabisa. Afunzwe "I can't talk right now".

3. Usafiri. "The traffic is very convenient" inatoka kwenye jiāotōng hěn fāngbiàn. Jiāotōng hubeba usafiri na mwendo wa magari pamoja, lakini "traffic" humpeleka Mwingereza barabarani kwenye foleni. Sema "It's easy to get to" au "The public transport is good".

4. Kamusi. Mwondoe kwenye programu ya kutafsiri. Napendelea kamusi za wanafunzi zilizoandikwa kwa Kiingereza tupu, kama Oxford Learner's Dictionaries iliyo bure mtandaoni, kwa sababu mifano yake huonyesha "for" ikimtangulia mtu. Anakili mifano mitatu kwa mkono, si kwa simu.

5. Maana ya mwisho. Mwanafunzi wa juu atakutana na "a convenient excuse". Hapo hakuna urahisi wowote wa kusifiwa: msemaji anadokeza kuwa kisingizio hicho kimemfaa mtoaji kupita kiasi, na kwamba yeye hakiamini. Mwonye asije akamwandikia bosi wake "Thank you for your convenient explanation".