Njia Mpya Kumi na Mbili kwa Mwaka: Namna ya Kujipangia Matembezi ya Miguu Ukiishi Tanga

Mkazi wa Tanga mjini ana njia za miguu nyingi kuliko anavyodhani: ziko za ufukweni, za Amboni kwenye mapango, za msitu wa Amani na za milima ya Lushoto, na karibu zote mtu huzifikia kwa basi na bodaboda. Miaka mitatu iliyopita nilijiwekea shabaha ya kutembea njia kumi na mbili ambazo sijawahi kuzikanyaga, moja kila mwezi, na mwaka wa kwanza nikaishia ya saba. Pumzi ninazo za kutosha. Kilichoniangusha ni kwamba kila safari niliipanga kuanzia kuondoka, ilhali hupangwa kuanzia kurudi. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ulionifikisha ya kumi na mbili katika miaka miwili iliyofuata.

Hatua ya 1: Amua ni nini kitahesabika

Andika masharti kabla hujaanza, kwa sababu mwezi wa tano ukifika utaanza kujidanganya. Kwangu mimi njia huhesabika ikiwa ina kilomita 5 au zaidi za kutembea kwa miguu, na angalau nusu yake iwe mpya kwangu. Barabara ya bodaboda haihesabiki hata kama nimeitembea yote. Kugeuka kabla ya kufika, kwa sababu ya mvua au giza, kunahesabika. Sharti hili niliongeza baadaye, baada ya kuona kwamba bila hilo mtu husukumwa mbele na aibu pale ambapo akili inamwambia arudi.

Hatua ya 2: Gawa njia kwa majira

Chora miezi kumi na miwili na uipe kila mmoja eneo lake. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, jua la pwani ni kali mno kwa matembezi marefu, kwa hiyo panda Lushoto, ambako mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na kuna vivuli. Kuanzia Machi hadi Mei masika huharibu vijia vya mlimani, maana udongo mwekundu ukilowa huteleza kama umepakwa sabuni. Miezi hiyo ibakishie njia fupi za pwani. Kuanzia Juni hadi Septemba, katika baridi ya kipupwe, weka njia zako ndefu zote. Vuli ya Oktoba hadi Desemba haitabiriki sana, basi weka njia ambazo unaweza kuziahirisha kwa wiki moja bila hasara. Kumbuka pia kwamba Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo hata katika miezi unayoiita ya kiangazi usishangae kunyeshewa.

Hatua ya 3: Anza hesabu kwenye kurudi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Jiulize kwanza ni saa ngapi lazima uwe umetoka njiani. Tanga jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni, mwaka mzima bila tofauti kubwa, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia kwa zaidi ya nusu saa. Halafu kuna usafiri: uliza siku iliyotangulia gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na uulize watu wawili tofauti. Saa iliyo mapema zaidi kati ya hizo ndiyo mwisho wako, na kutoka hapo unahesabu kurudi nyuma.

Muda wa kutembea hukadiriwa kwa kanuni aliyoitoa Mskochi William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya nyongeza kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mwendo mzuri, kwenye njia kavu, katika nchi ya baridi, kwa hiyo mimi huzidisha jibu kwa moja na nusu. Tuseme unatoka Zigi, kwenye lango la hifadhi ya Amani, ambako ni karibu mita 450 juu ya bahari, kwenda Amani, karibu mita 900, kwa njia ya kilomita 8. Kilomita zinakupa saa 1 na dakika 36, mwinuko unakupa dakika 45, jumla saa 2 na dakika 21. Zidisha kwa moja na nusu, unapata kama saa tatu na nusu. Kurudi sipunguzi kitu ingawa ni mteremko, kwa sababu magoti huchoka na utelezi huzidi. Ongeza saa moja ya kula na kupumzika, safari nzima inakuwa saa nane. Ukitaka kuwa Zigi saa 10 jioni, lazima uanze saa 2 asubuhi, na hapo ndipo utakapogundua kwamba safari hii haianziwi Tanga mjini, stendi ya Kange, asubuhi ile ile. Lala Muheza, au utafute malazi hukohuko hifadhini.

Njia za ufukweni zina saa yao nyingine, nayo ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwenye pwani yetu maji hupwa sana karibu saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Nilikuwa nayajua haya kwa kuyasikia tu. Siku moja ya bamvua, nikielekea Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale, nilivuka mkono mmoja wa bahari saa 4 asubuhi juu ya mchanga mkavu, kaa wakikimbia mbele ya viatu vyangu. Niliporudi saa 9 alasiri palikuwa na maji ya kifua na mikoko imebaki vichwa tu. Mama mmoja aliyekuwa akisafisha chaza pembeni alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Bamvua hilo, mwanangu. Keti." Nilivuka saa 1 na nusu usiku kwa tochi ya simu, viatu shingoni. Tangu siku hiyo njia ya ufukweni naianza maji yakiwa bado yanapwa, saa mbili kabla ya kufika mwisho wa kupwa, na sehemu yoyote ya kuvuka naihesabu mara mbili: ya kwenda na ya kurudi.

Hatua ya 4: Ruhusa na mwenyeji

Kwenye hifadhi lipa kiingilio langoni na uchukue risiti. Usipenye kwa vijia vya pembeni. Mwongozaji mchukue, hasa mara ya kwanza, hata kama ramani ya simu inaonyesha njia wazi, kwa kuwa vijia vya msituni hufungwa na miti iliyoanguka. Mapangoni Amboni usiingie peke yako kabisa. Nje ya hifadhi, ukipita kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti au kwa mzee wa kwanza utakayemkuta, useme unatoka wapi na unakwenda wapi. Atakuwa ndiye mtu wa kwanza kukutafuta usipoonekana. Mimea usiing'oe. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu huko Ulaya asili yake ni miamba yenye kivuli ya milima hii, na kwenye makazi yake ya asili linazidi kuwa adimu.

Hatua ya 5: Mzigo

Beba maji lita 3, chakula kisichoharibika (mimi hubeba mihogo ya kuchemsha, kashata na machungwa ya Muheza), tochi, filimbi, koti la mvua, soksi za akiba na simu yenye ramani uliyoipakua kabla. Suruali uichomeke ndani ya soksi mahali penye siafu. Viatu vipya usiviingize njiani kabla ya kuvivaa wiki mbili mjini.

Hatua ya 6: Kuuliza njia

Ukiuliza, "Hii inakwenda Amani?" utajibiwa ndiyo, kwa heshima tu. Amkia kwanza, kisha uliza, "Njia ya Amani ni ipi?" ili mtu akuonyeshe kwa mkono. Usiulize kama ni mbali, kwa sababu utaambiwa, "Hapo tu," na hapo tu ya mkulima aliyezoea mlima inaweza kuwa saa moja na nusu yako. Uliza badala yake, "Wewe ukitoka sasa hivi, unafika saa ngapi?" kisha ongeza theluthi.

Hatua ya 7: Daftari

Jioni ile ile, kabla ya kuoga, andika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kugeuka, saa ya kurudi, hali ya mvua au mwezi wa angani ulikuwa na siku ngapi, na nauli uliyolipa. Linganisha muda halisi na ule uliokadiria. Baada ya njia nne hivi utaijua namba yako mwenyewe ya kuzidisha. Ya kwangu ufukweni imeshuka hadi moja na robo, na Lushoto imebaki moja na nusu. Ukurasa unaofuata andika jina la njia ya mwezi ujao, na chini yake, kabla ya kitu kingine chochote, saa ya gari la mwisho.