Siku ya mwisho Istanbul: hesabu kuanzia kwenye ndege, kurudi nyuma

Nimekwenda Istanbul mara tatu, kila safari siku nne, na mara mbili za kwanza siku ya mwisho iliniharibikia. Mara ya tatu nilijifunza kuipanga usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiwa nimekaa kitandani na tiketi mkononi.

Anza na saa. Tiketi ya 01:50 Jumatatu ni usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo Jumapili jioni ndiyo uwe umeshaondoka mjini. Kiswahili kinalisema jambo hili vizuri kabisa, ila tiketi haikijui Kiswahili. Saa ya mkononi usiiguse: tangu 2016 Uturuki imeacha kubadili majira ya saa, na muda wake ni sawa na wa Afrika Mashariki mwaka mzima.

Halafu tazama herufi tatu za uwanja. IST uko upande wa Ulaya, mbali kaskazini karibu na Bahari Nyeusi. SAW, yaani Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Kati yake kuna mlangobahari wa Bosporus na foleni ya magari isiyo na huruma. Safari yangu ya kwanza nilitua IST, nikadhani kurudi ni hapohapo. Niligundua kuwa tiketi inasema SAW nikiwa ndani ya teksi, tumeshaacha mji nyuma. Ndege niliipata, lakini pesa ya zulia dogo nililokuwa nimelichagua ilimwishia dereva.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Tuseme ndege ni 20:30, saa mbili na nusu usiku, kutoka IST, nawe umelala Sultanahmet, kwenye mji wa zamani. Uwe uwanjani saa kumi na moja na nusu jioni. Toa saa mbili za njiani: unatoka na mizigo saa tisa na nusu alasiri. Toa nusu saa ya kwenda msalani, kufunga zipu na kuwaaga watu wa hoteli. Kilichobaki kinaishia saa tisa. Hiyo siyo siku, ni kipande cha siku, na ukikubali hivyo mapema hutahangaika.

Mizigo usitembee nayo. Hoteli karibu zote zitakuhifadhia baada ya kukabidhi chumba. Ikiwa ulipanga nyumba ya mtu, tafuta kibao kilichoandikwa "emanet". Ni amana ileile yetu, na sanduku kwao ni "sandık", ingawa la safari wanaliita "bavul", kwa hiyo hata kwa ishara mtaelewana. Pasipoti na chaja vibaki kwako.

Kipande hicho cha siku ukifanyie nini? Ushauri wangu ni mmoja na sitaubadilisha: usiende kuona kitu kipya chenye foleni. Ayasofya, kasri la Topkapı, birika la kale la maji lililo chini ya ardhi, vyote hivyo ni vya siku ya pili na ya tatu. Topkapı hufungwa Jumanne, Soko Kuu hufungwa Jumapili, na Ijumaa adhuhuri misikiti ni ya wanaosali. Mtu anayetazama saa kila dakika tano haoni kitu, hata asimame mbele ya nini.

Panda kivuko. Kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni kama dakika ishirini, na kwa nauli ya kawaida ya mjini unatoka Ulaya kwenda Asia. Kaa nje, upande wa kulia, uuage mji wa zamani na minara yake. Nunua chai ile ya kigilasi chembamba kiunoni, na simit moja, mkate wa duara wenye ufuta, nusu yako na nusu ya shakwe wanaoifuata meli. Kabla hujafika utapita Haydarpaşa, stesheni iliyochorwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, inayoonekana kama imesimama ndani ya maji. Shuka, zunguka soko la samaki na zeituni, kunywa kahawa, rudi. Saa mbili na nusu zinatosha. Tena kivuko kinamaliza salio la Istanbulkart, kadi ya nauli ya mjini, bila uchungu, ila bakiza nauli ya kwenda uwanjani. Kadi moja inaweza kugongwa na watu kadhaa, kwa hiyo wawili wakiwa na kadi mbili zenye salio, maliza moja kwanza.

Mwenye ndege ya SAW ana raha zaidi: avuke na mizigo yake moja kwa moja, maana treni ya M4 inaanzia Kadıköy na kufika uwanjani. Kariri hiyo.

Manunuzi yafanye Eminönü ukirudi. Soko la Misri, Mısır Çarşısı, la karne ya 17, liko hatua chache kutoka gatini. Lokum, vile vitamutamu laini vya Kituruki, mwambie muuzaji akufungie kwa mashine inayonyonya hewa, na onja kabla, hawanuni. Hapa ndipo safari ya pili iliponiharibikia. Wifi yangu alinunua chupa tatu za nar ekşisi, ule mchuzi mzito mchachu wa komamanga, akaziweka kwenye mkoba wa mkononi zisivunjike. Mlangoni mwa uwanja tukapita. Akafurahi. Kumbe ukaguzi wa mlangoni ni wa kwanza tu, na wa pili, baada ya mizigo kuondoka, ndio wa vimiminika vya zaidi ya mililita 100. Chupa tatu zote pipani. Hakuongea mpaka tuko angani. Asali, jamu na tahini navyo ni vimiminika machoni pa wakaguzi, kwa hiyo vizungushie nguo chafu uvikabidhi kaunta.

Kwenda IST kwa treni kutoka Sultanahmet: tramu ya T1 hadi Kabataş, treni fupi ya kupanda kilima hadi Taksim, M2 hadi Gayrettepe, kisha M11 hadi uwanjani. Inakwepa foleni, lakini Gayrettepe kuna kutembea na ngazi za umeme zisizoisha. Mwenye begi moja aichukue. Mwenye mabegi mawili na mtoto apande basi la uwanja wa ndege pale Taksim, aongeze nusu saa kwa ajili ya barabara.

Ukiwa na fomu ya kurudishiwa kodi, nenda forodha ukagongewe mhuri kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa. Lira zilizobaki zitumie au zibadili sasa. Mimi niliweka kibunda droo ya nyumbani kwa ajili ya safari ijayo, na nilipozirudisha hazikununua hata nusu ya nilichotarajia.

Ukimaliza ukaguzi, usikae kwenye kiti cha kwanza unachokiona. Jengo ni refu mno, na geti linaweza kuwa dakika ishirini kwa miguu. Nenda mpaka ulione kwa macho, ndipo uvue viatu.