Kabla Hujaandika Kanuni ya Kukagua Namba za Kampuni

Msimu wa minada ya korosho Mtwara huanza Oktoba. Wanunuzi wa nje huja na makaratasi ya India, Vietnam na kwingineko, na programu unayoitengeneza itatakiwa kusema namba ipi ya usajili iko sawa. Jiandae mapema, kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Anza kwa kujua ni namba gani unaitaka. Hapa kwetu ukimwambia mtu "nipe namba ya kampuni", wengi watakupa TIN ya TRA, yaani namba ya kodi, ilhali wewe ulikusudia ile ya kwenye cheti cha BRELA, msajili wa kampuni. Vietnam hakuna mkanganyiko huo: namba ya usajili wa kampuni ndiyo hiyohiyo ya kodi, tarakimu 10. Kwa hiyo fomu imuulize mtu nchi kwanza, ndipo imuombe namba, tena kwa jina linalotumika nchini kwake.

Kisha hakikisha namba inahifadhiwa kama maandishi. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Niliwahi kuletewa orodha ya wanunuzi kwenye Excel, na mmoja wa Uingereza alikuwa na tarakimu sita tu. Namba za kule zina nafasi 8. Za Scotland huanza na SC, na nyingi za England huanza na sifuri. Excel ilikuwa imezila sifuri mbili za mwanzo. Programu yangu ikamkataa mtu halali, na karani akashinda mchana kutwa anamsumbua kwa simu amtumie cheti upya.

India ndiyo ya kukaa nayo zaidi. Namba yao, CIN, ina herufi na tarakimu 21, na kila kipande kina maana. Herufi ya kwanza ni L kama kampuni imeorodheshwa soko la hisa, U kama haijaorodheshwa. Hufuata tarakimu tano za aina ya biashara, herufi mbili za jimbo (mbangua korosho wa Kollam atakuwa na KL, yaani Kerala), mwaka wa kuanzishwa, herufi tatu za aina ya kampuni, na mwisho tarakimu sita. Sasa angalia: kampuni ikihamia jimbo jingine au ikiingia soko la hisa, CIN inabadilika. Ukiifanya ndiyo ufunguo wa rekodi, yaani kitu pekee cha kumtambulisha mteja, mteja mmoja atageuka wawili.

Ujerumani, namba ya HRB (ya daftari la kampuni) peke yake haitoshi, andika na mahakama iliyoisajili. Na usiweke sharti la "tarakimu tupu" kwa kila nchi. Brazil, ilikotoka mikorosho yenyewe, imetangaza kwamba CNPJ (namba za kampuni za kule) mpya zitaanza kuchanganywa na herufi kuanzia Julai 2026.

Tarakimu ya ukaguzi, yaani inayokokotolewa kutokana na tarakimu nyingine, kama ile ya SIREN, namba ya kampuni ya Ufaransa, inakamata kidole kilichoteleza, basi. Kampuni iliyofutwa miaka mingi nyuma itapita vizuri kabisa. Ndiyo maana naomba utenge nafasi mbili kwenye hifadhidata: moja ya "umbo limekubalika", nyingine ya "imeonekana kwenye daftari la msajili", pamoja na tarehe na jina la karani aliyeangalia. Umbo likigoma, usimfungie mnunuzi mlango. Pokea namba kama alivyoiandika, iwekee alama, karani aifuatilie kabla ya siku ya mnada.